Fisi Alipolitia Ziwa Utamu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa ziwa lisilo na samaki na mkubwa asiye na kazi.

Hapo kale palikuwa na ziwa chungu. Jua likiwaka, maji hukauka ukingoni yakaacha gamba jeupe la magadi, na wanyama wote wakaja kulamba. Kila aliyelamba alimega kipande, akakiweka juu ya jiwe refu lililo kando, akaliambia ziwa: "Ahsante, Mama. Nimelamba, nimebakiza." Ndiyo ilikuwa desturi, na haikuhitaji askari.

Basi Simba akamteua Fisi kuwa Bwana Ziwa. Fisi akaja kukagua, akaonja maji, akatema.

"Ziwa hili linaumwa," akasema. "Litiwe utamu."

Mfereji ukachimbwa kutoka mtoni. Maji matamu yakaingia ziwani, wakubwa wakapiga makofi, wakaenda zao kula.

Sasa, Mama Nyumbu alikuwa na ndama aliyezaliwa dhaifu. Bila magadi, miguu yake ilikataa kumbeba. Mama Nyumbu akaja ukingoni, akakuta gamba limekuwa uji. Akaenda kwa Fisi.

"Bwana Ziwa, ndama wangu anataka magadi."

"Suala lako linashughulikiwa, mama."

Akaja tena. Uji umekuwa maji.

"Bwana Ziwa, ndama wangu hasimami."

"Suala lako linashughulikiwa, mama."

Akaja mara ya tatu. Hata heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, walikuwa wamepauka kama kanga iliyofuliwa mno.

"Bwana Ziwa, ndama wangu hanyonyi."

"Mama, kwani husikii? Linashughulikiwa. Tumeunda kamati."

Mama Nyumbu akarudi ziwani, kichwa chini. Alipokiinua, akaliona jiwe. Vile vipande vya shukrani vilikuwa juu kule, vikavu, maji hayajavifikia. Akapiga magoti.

"Mama, nilikupa kwa shukrani. Leo naomba kwa dhiki."

Upepo ukavuma, kipande kikaanguka miguuni pake. Akakibeba mdomoni mpaka kwa mwanawe. Ndama akalamba, akalamba, akalamba. Jioni akanyonya.

Lakini akiba huisha. Kesho yake Mama Nyumbu akaugeuzia mfereji mgongo, akaanza kuufukia kwa mateke.

Punda Milia akapita. "Shoga, una kibali?"

"Nina ndama."

Punda Milia akafikiri kidogo, akageuza mgongo naye. Wakaja nyati, wakaja swala. Mfereji ukazibwa. Na Jua, ambalo halijawahi kuteuliwa na yeyote, likafanya kazi yake.

Fisi akaja akihema. "Nani kauziba mfereji wangu?"

"Suala lako linashughulikiwa, Bwana Ziwa," wakaitikia wote.

Gamba likarudi. Heroe wakaiva tena. Fisi akamwarifu Simba kwamba kamati imefanikiwa, na hakuna aliyebisha, maana midomo ilikuwa imejaa.

Ndama akafika ukingoni kwa miguu yake mwenyewe. Akalamba. Kisha akamega kipande kidogo kama ukucha, akakipeleka jiweni.

"Ahsante, Mama. Nimelamba, nimebakiza."

Shukrani, jamani, ni ghala: aliyeijaza siku ya shibe huifungua siku ya njaa.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, ni yenu. Ikiwa chungu, ilambeni hivyo hivyo, msinichimbie mfereji.