Mwenye Pango Yuko Safarini

Paukwa!

Pakawa.

Pango lilikuwako?

Lilikuwako.

Na mwenyewe je?

Yuko safarini.

Haya, na wewe wa nyuma acha kutafuna, nataka kusikika.

Nguchiro alikuwa na watoto wanne na hana pa kuwalaza. Masika yalikuwa yanakaribia, ngurumo zinasikika ng'ambo ya kilima, ndu-ndu-ndu. Masika yaliyopita maji yaliingia shimoni mwao, nusura watoto wazame. Mama wa watu alikuwa na hofu, halali. Akaenda kwa Fisi, dalali wa mapango.

Fisi akamwonyesha pango kavu, juu kabisa ya mto. Bei mbuzi watano kwa mwenyewe, na mguu wa mbuzi kwa dalali. Mwenyewe, alisema, yuko safarini.

Nguchiro akaomba apunguziwe. Fisi akazunguka jiwe, chaka-chaka-chaka, akarudi: mwenyewe amekataa. Nguchiro akaomba tena. Fisi akazunguka jiwe, chaka-chaka-chaka, akarudi: mwenyewe amekasirika, sasa ni mbuzi sita.

Nguchiro akauliza, si yuko safarini? Fisi akajibu ndiyo, amekasirikia hukohuko.

Nguchiro akaingia ndani peke yake. Akakuta kitanda cha udongo, kimeinuka mabegani, kimeporomoka kiunoni. Mwituni mle alilala hivyo mnyama mmoja tu. Akatoka, akasema pango amelipenda, kesho waende kwa mjumbe.

Mjumbe alikuwa Nungunungu. Na desturi ya huko ni hii: dalali haambulii mguu kwa mali yake mwenyewe. Kwa hiyo huulizwa kwanza, majirani wote wakisikia.

Nguchiro alifika na mguu umeshachomwa, mafuta yanadondoka, cho, cho, cho. Aliupata wapi, msiniulize. Akauweka upepo unakotoka.

"Fisi," mjumbe akauliza, "pango hili ni lako?"

Fisi akautazama mguu. "Si langu."

"Una sehemu humo?"

"Sina hata jiwe moja."

Akapewa mguu. Kwa-kwa-kwa, na mfupa wake. Akajifuta mdomo, akaomba na wale mbuzi sita, atamfikishia mwenyewe.

"Usijisumbue, kaka," Nguchiro akasema. "Nitamkabidhi mkononi. Namsubiri humuhumu ndani."

Majirani wakasema mama huyu ana adabu. Mjumbe akatikisa miba, shwa-shwa-shwa, shauri limekwisha.

Jioni mvua ikaja, ndu-ndu-ndu. Watoto wanne walikuwa wamelala, wakavu. Fisi akasimama mlangoni, maji yanamchuruzika puani.

"Dada, mwenyewe ameniagiza. Anarudi leo."

"Mwambie karibu sana," Nguchiro akasema. "Aje na mjumbe."

Mpaka leo anasubiriwa.

Hadithi yangu imefika mlangoni: aliye ndani alale, aliye nje ajikung'ute. Na funzo, maana mama zenu watauliza: msinunue nyumba bila dalali. Bila dalali, Nguchiro angelipa.