Kiganja cha Ukutani

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitika kama watu wenye njaa. Haya, sogeeni, hadithi yenyewe ni fupi.

Hapo kale palikuwa na mji wa bandari uliozungushiwa ukuta wa mawe, kuzuia maadui wakati wa vita. Kila nyumba ilijenga kipande chake. Wanaume walipanga mawe, wanawake walipiga chokaa, pwa, pwa, pwa. Kisha mwanamke mmoja wa kila nyumba alikandamiza kiganja kwenye chokaa mbichi, ijulikane kipande ni cha nani.

Vita vikaisha. Waliokuwa maadui wakaja kama wageni, wakaoa. Ukuta wa nini tena? Basi kila baba aliyemwoza binti alibomoa kipande cha nyumba yake, akamjengea binti nyumba, maana ndiyo ada ya mji ule. Kong', kong', kong'. Leo hiki, kesho kile. Kikabaki kimoja tu, kisicho na mwenyewe.

Shee Lali alikuwa anamwoza Mwanaate. Nyumba imefika kiunoni, mawe yamekwisha, harusi mwezi ujao. Akachukua mtaimbo, akaenda kwenye kipande kile. Akamkuta Bi Somoe amekiegemea, kikongwe aliyepiga chokaa ya ukuta ule katika usichana wake.

"Ondoka, Bibi. Wenyewe wamekufa, hawakuacha mtoto wala mjukuu."

"Salamu kwanza, Shee Lali."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Tazama kiganja hiki. Atakayeweka chake kikaenea, achukue mawe."

Shee Lali akaweka chake. Hakikuenea. Akaenda mbio kumleta binti yake. Mwanaate akaweka: vidole vikaingia, gumba likaingia, kikatulia kabisa.

Bi Somoe akainuka kwa taabu. "Nimeshasema. Bomoeni."

Shee Lali akanyanyua mtaimbo, lakini Mwanaate hakutoa mkono. "Bibi, alikuwa nani?"

"Msichana kama wewe. Yeye na watu wa nyumba yake walikimbia vita huko bara, tukawafungulia lango, wakajenga kipande chao. Tulibeba chokaa pamoja siku tisa. Ya kumi adui akafika, na wao ndio waliokuwa karibu na lango. Kwao hakubaki mtu."

"Jina lake?"

Bi Somoe akalia. "Sikumwuliza. Nilidhani tuna siku nyingi."

"Baba," akasema Mwanaate, "mimi chumba kimoja kinanitosha."

"Watu watatusema."

"Sisi watatusema. Huyu atasemwa na nani?"

Mimi namhurumia Shee Lali. Baba gani hataki kumjengea bintiye? Lakini alishusha mtaimbo.

Harusi ikafanyika katika chumba kimoja, watu wakacheka. Nyumba ile leo haipo, na za waliocheka hazipo. Kipande kipo. Wasichana wa mji ule, kabla ya kuolewa, huweka kiganja pale, kisha humgeukia mgeni yeyote aliye karibu na kumwuliza jina lake.

Nanyi mkimpokea mtu, mwulizeni siku ile ile. Msiseme kesho.

Hadithi yangu nimeitua hapo ukutani. Na wewe uliyeketi nyuma, tangu tuanze sijakujua. Waitwa nani?