Kwato za Mwanatumu

Sogeeni, wasikivu, na mwenye kuamini kila asikialo akae nyuma.

Malkia Mwanatumu aliutawala mji wa Kitangani vizuri kuliko marehemu baba yake, na wanaume hawakumsamehe. Ami yake Shekue, aliyekitamani kiti chake, akazusha neno barazani huku akinywa kahawa: "Yule jini. Chini ya gauni ana kwato."

Mji ukakata shauri: kwato zikiwepo, malkia atoswe baharini, zisipokuwepo, atoswe aliyezizua.

Siku ya kumkagua ilipofika, Mwanatumu akaketi mbele ya wakuu wa mji, gauni limefunika miguu. "Desturi yetu mdogo humshika mkubwa miguu," akasema. "Mbele ya kiti hiki nyote wadogo. Haya, niamkieni."

Kadhi akaingiza mikono chini ya gauni. "Shikamoo. Ni miguu."

Mkuu wa askari akafuata. "Shikamoo. Ni miguu."

Shekue alijua kabisa kwamba ni miguu, ila alikusudia kupiga ukelele wa uongo. Akapiga magoti, meno nje. "Shikamoo, binti yangu." Vidole vyake vikagusa kitu kigumu, cha baridi, kilichopasuka katikati.

Mwanatumu akamwinamia sikioni. "Ulisema ninazo, ami. Nikuaibishe?"

"Kwato!" Shekue akalia, safari hii kwa hofu ya kweli. "Wallahi ni kwato! Shikeni tena!"

Kadhi akashika tena, akachungulia. "Ni miguu, bwana. Tena ina hina."

Wakambeba mzobemzobe hadi baharini, naye njia nzima akisema kweli tupu, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Alipozama yeye, na ngano yangu ikazama.