Moto wa Sikujua Uliopanda Mlima

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mliokunywa uji wa jana? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Miguu inaniuma, lakini hadithi haina huruma na miguu ya mtu. Sikilizeni.

Hapo zamani, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na kijiji kilichokua kikatambaa mlima mzima. Juu, penye chemchemi, palikuwa na kivuli na upepo. Bondeni palikuwa na tope na mbu, na kila masika maji yaliingia ndani bila kupiga hodi. Juu walikaa wenye nazo. Bondeni walikaa wengine wote.

Kijiji kile kilikuwa na desturi. Msichana akiolewa, huchukua kaa la moto kwenye jiko la mama yake, hulitia kwenye kigae, hushika njia. Hutembea, hupuliza. Fuu! Fuu! Kaa likizimika, chwi, papo hapo ndipo atakapojenga. Wakubwa wakasema, "Desturi yetu haina upendeleo. Pumzi yako ndiyo kiwanja chako."

Eti haina upendeleo! Mtoto wa Juu alitoka mlangoni kwao akiwa tayari yuko Juu. Mtoto wa Bondeni alipuliza, fuu, fuu, mpaka macho yakamtoka. Akifika kwenye Jabali, pale upepo unapokata kona, chwi. Anajenga chini ya Jabali, karibu na mama yake. Binti yake naye akapuliza, fuu, fuu. Chwi. Akajenga pembeni ya mama yake. Na watu wa Juu wakatikisa vichwa, "Hawa wa Bondeni hawana pumzi."

Basi Bondeni aliishi Bi Mwanamvua, mrefu, mkavu, mdomo kama wembe. Alikuwa na mjukuu, Sikujua. Masika moja maji yalimchukua mama yake Sikujua pamoja na kichanga chake mgongoni. Bibi akamlea aliyebaki.

Sikujua akachumbiwa. Badala ya kucheka, akalia.

"Bibi, mimi sitaki kuzalia kwenye tope. Sitaki mwanangu aondoke na maji."

"Basi nenda Juu."

"Pumzi sina."

"Pumzi unayo. Tangu utoto unatupigia kelele nyumba nzima."

Siku zile zile, Juu aliozwa Mwanaidi, binti wa mkuu wa kijiji, Mzee Kombo. Bi Mwanamvua akaitwa kutwanga mpunga wa harusi. Anatwanga, tii, tii, macho yako uani. Akamwona Mwanaidi anatoka na kigae chake, anacheka na mashoga, kupuliza amesahau. Chwi! Mama yake mdogo akachungulia juu ya ua wa jirani.

"Limezimika? Shika la kwangu, mwanangu."

Mwanaidi akashika, akaendelea. Vigelegele! Hakuna aliyeona ajabu. Bi Mwanamvua peke yake aliacha mchi hewani.

Akarudi Bondeni, akawaita vikongwe wenzake.

"Mnajua wa Juu wanapulizaje? Hawapulizi. Wana mama wadogo njiani."

"Sisi nasi tunao," akasema Bi Ngwashi, jirani yake.

"Tunao, wote tumejazana chini kama viatu mlangoni. Kila mmoja abebe mafiga yake, akayapange njiani, kuanzia kwenye Jabali kwenda juu."

"Mlimani? Na magoti haya? Mwanamvua, umeota."

"Magoti hayo hayo yalikuwa yanapanda kwenda ngomani."

"Hayo yalikuwa magoti mengine!"

Bi Ngwashi akanung'unika, akatukana, lakini wa kwanza kubeba mafiga alikuwa yeye.

Siku ya Sikujua ikafika. Akachukua kaa jikoni kwa bibi yake. Fuu! Fuu! Kwenye Jabali, chwi.

"Shika la kwangu, mwanangu," akasema Bi Ngwashi, kaketi pale juani, jasho linamtiririka.

Fuu! Fuu! Mbele kidogo, chwi.

"Shika la kwangu, mwanangu."

Fuu! Fuu! Chwi. Shika la kwangu. Hivyo hivyo, kikongwe kwa kikongwe, mpaka Sikujua akasimama kwenye chemchemi na kaa jekundu.

Mzee Kombo akaruka, "Huu si moto wa mama yake! Ni moto wa vikongwe wa njiani!"

"Mama yake amekwenda na maji, Kombo," akasema Bi Mwanamvua. "Wako hai mama wadogo. Mwanaidi wako alimalizia na moto wa nani?"

Mama mdogo wa Mwanaidi akakohoa. Wanawake wa Juu wakatazama chini. Mzee Kombo akatafuna mdomo mtupu, kisha akasema, "Apewe kiwanja. Kule, karibu na jalala."

Jalalani au si jalalani, maji hayafiki. Sikujua akajenga, akazaa, mtoto akakua na miguu mikavu.

Hadithi nyingine zingeishia hapo, watu wakala pilau. Yangu haina pilau.

Akaja kuolewa msichana mwingine wa Bondeni, jina lake Tabu. Njiani vikongwe wamepungua. Wengine wamekufa, wengine wamechoka. Tabu akapuliza, akafika mteremko wa mwisho, kaa lake linafifia. Akasimama kwenye ua wa Sikujua.

"Dada, linazimika. Nisaidie."

"Mimi nilipuliza kwa pumzi zangu," akasema Sikujua. "Nawe puliza." Akafunga mlango.

Msidhani alidanganya. Aliamini. Mtu akikaa Juu kidogo, husahau nani alimshikia moto.

Kaa likafa, chwi. Bi Mwanamvua alikuwa hapo chini ya mteremko, kwenye mafiga yake, jiko limebaki jivu. Aliyasikia yote. Akainuka. Mguu huu. Mguu ule. Akashika fimbo, akapanda. Akafika.

"Hodi."

"Bibi yangu! Karibu, kaa."

"Sikai. Nimekuja kuomba moto. Jiko langu limezimika."

Sikujua akakimbia ndani. Akachagua kaa kubwa, jekundu kuliko yote, akalileta kwenye kigae kwa mikono miwili.

"Shika la kwangu, bibi yangu."

Bi Mwanamvua akapokea. Akageuka pale pale mlangoni, akalimimina kwenye kigae cha Tabu.

"Shika la kwangu, mwanangu."

Hakumtazama Sikujua hata usoni. Akaanza kushuka. Mguu huu. Mguu ule.

Sikujua akabaki na mikono mitupu. Mwishowe akaingia jikoni, akayabeba mafiga yake, akayapanga nje ya ua, kando ya njia.

Masika yaliyofuata Bi Mwanamvua akafa. Hawakulia sana, alikuwa na mdomo. Lakini hadi leo msichana akipita pale, watu husema, "Hapa ndipo alipoomba moto yule bibi."

Funzo? Haya: ukifika Juu, yatoe mafiga yako nje. Wako waliotoa, wako waliofunga milango, na Bondeni tope liko pale pale.

Hadithi yangu naitua hapa. Sasa mmoja wenu aninyanyue, miguu imekufa ganzi.