Picha Mbili Juu ya Banda la Kuku

Rangi husifiwa kivulini, hujulikana juani.

Mmeisikia asubuhi hii kinywani mwa shangazi yenu alipokuwa akimjibu yule muuza mabati ya rangi, mkacheka mkidhani ameitunga palepale. Hakuitunga. Methali hii ina wenyewe, na ilianza hivi.

Huko Same, mji ulioko chini ya milima ya Upare, aliishi mwanamke mmoja jina lake Nakijwa. Alikuwa amefanya kazi Moshi miaka tisa katika studio ya mtu, akipiga picha na kuzisafisha, mpaka akaijua kazi hiyo kama anavyoijua njia ya kwao. Mwenye studio alipozeeka na kufunga mlango, Nakijwa alirudi nyumbani kwa mama yake, Bibi Namsifu, akiwa na kamera, akiba yake, na wazo moja tu kichwani: kufungua duka la kuchapa picha. Wakati ule mtu wa Same aliyetaka picha nzuri ya harusi au ya mahafali alilazimika kuagiza Moshi na kusubiri.

Kaka yake, Kajiru, alilipenda wazo hilo. Aliuza ng'ombe wake wawili na kuziunganisha fedha hizo na akiba ya dada yake. Chumba kilipatikana karibu na stendi. Kilichobaki kilikuwa printa.

Nakijwa alikwenda Arusha kuichagua. Muuzaji alikuwa mtu muungwana, akamwonyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya kunyunyizia wino. Ilichapa picha kubwa na ndogo, tena upesi, na wino wake ulipatikana kila mahali kwa bei nafuu. Ya pili ilikuwa imeshatumika, ndogo, nzito kama jiwe la kusagia. Hiyo haikutumia wino. Ilikuwa na utepe wenye rangi, na karatasi ilipita ndani yake mara nne: mara tatu ikipokea rangi moja moja kwa joto, na mara ya nne ikifunikwa kwa utando mwembamba usioonekana. Haikuweza kutoa picha iliyozidi ukubwa wa daftari.

"Hii ya pili nakwambia ukweli, mama, wateja wengi hawaitaki," muuzaji alisema. "Wanaiona inachelewa."

Nakijwa aliomba picha ileile ichapwe kwa mashine zote mbili. Alikuwa nayo kwenye simu: jirani yao akiwa amejifunga khanga nyekundu mbele ya kichaka cha maua ya manjano. Zilipotoka, hakuhitaji kuulizwa. Picha ya wino iliwaka. Ule wekundu ulikuwa kama umelowa bado, na ngozi ya yule mama ilimeremeta. Picha ya utepe ilikuwa nzuri, lakini nzuri ya kimyakimya. Alizifunga zote katika bahasha, akamwambia muuzaji atarudi Jumatatu kuchukua ile ya wino.

Nyumbani alimkuta Kajiru sebuleni na mama yao. Akaziweka zile picha mezani.

"Hapa hakuna mjadala," alisema Kajiru, akiinua ile inayowaka. "Mahafali ya kidato cha nne yamebaki wiki sita. Shule nne, dada. Tukiwa na hii, mji wote ni wetu."

"Ndivyo nilivyoona na mimi," Nakijwa alisema. "Mama, tazama mwenyewe."

Bibi Namsifu aliichukua, akaitazama, akairudisha mezani. Kisha akainuka, akaenda kwenye ukuta unaotazamana na dirisha. Pale palikuwa na fremu iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Nakijwa alikiona kitambaa hicho kila alipokuja likizo, akadhani ni cha kuzuia vumbi. Ilikuwa picha ya marehemu baba yao. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipiga, akaichapa kule Moshi mwaka wake wa kwanza wa kazi, akaileta nyumbani kwa fahari.

Mama alikiondoa kitambaa.

Koti lilikuwepo, limegeuka kibuluu cha maji yaliyomwagiwa sabuni. Tai ilikuwepo, kwa shida. Lakini mahali pa uso palikuwa peupe, na ilibidi mtu awe amemjua marehemu ndipo aweze kusema hapa palikuwa na jicho.

"Imekuwa hivi tangu lini?" Nakijwa aliuliza.

"Ilianza kufifia mwaka wa pili. Nikaifunika, lakini jua lilikuwa limeshamaliza kazi yake."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia nini? Uliileta ukiwa na furaha. Nilikuwa nakusitiri wewe, sikuwa namficha yeye."

Nakijwa alikaa chini. Nakala ya picha ile haikuwepo tena. Ilipotea zamani studio ilipohama jengo. Alimkumbuka mwajiri wake akiisifu mashine ya wino iliyoichapa, jinsi rangi zake zilivyokuwa zikiwaka. Akaitazama ile picha mezani, nayo ilikuwa ikiwaka vilevile. Kilichomuuma hakikuwa picha moja. Alikuwa akihesabu moyoni nyumba ngapi za Moshi zilikuwa na fremu kama hii, na watu wangapi walikuwa wakifunika na kunyamaza.

"Hata khanga hatuisifii dukani," mama alisema taratibu. "Tunaifua, tunaianika, ndipo tunajua tumenunua nini. Wewe umeianika?"

Kesho yake asubuhi Nakijwa alizipigilia picha zote mbili kwenye ubao, akazifunika nusu nusu kwa kipande cha boksi, na kuuweka ubao ule juu ya bati la banda la kuku, mahali ambapo jua liliwaka tangu kuchomoza hadi kuzama.

"Utaziacha hapo siku ngapi?" Kajiru aliuliza.

"Mpaka zinijibu."

"Nakijwa, mahafali hayasubiri banda la kuku!"

"Najua, kaka."

"Watu wanataka picha ing'ae siku wanayoilipia. Basi! Nani anayekuja dukani kuuliza itakuwaje miaka saba ijayo?"

"Hakuna," alisema Nakijwa. "Mama naye hakuja kuniuliza."

Kajiru alikasirika. Alisubiri wiki mbili, akaona picha hazijabadilika kitu, akachukua fedha za ng'ombe wake na kuungana na rafiki yake. Wakainunua printa ileile ya wino, wakafungua duka upande wa pili wa stendi. Shule zote nne zikaenda kwao. Siku za mahafali Nakijwa alipita hapo akaona foleni imefika barabarani, akageuza uso. Msidhani hakujutia. Usiku na mchana alijiuliza kama hakuwa amejifanya mjuzi kupita kiasi. Kule nyuma ya nyumba kuku walikuwa wamelichafua boksi, na jirani mwenye khanga nyekundu aliuliza kwa nini anachomwa jua.

Wiki ya sita ilipokwisha, alipanda juu ya ndoo, akauteremsha ubao, akaliondoa boksi. Picha ya utepe ilikuwa imepauka kidogo tu upande uliopigwa jua. Ilibidi uiinamie ndipo uone mpaka. Ile ya wino ilikuwa imegawanyika watu wawili. Nusu iliyofunikwa ilikuwa bado inang'aa kama siku ile ya Arusha. Nusu nyingine ilikuwa na mwanamke asiye na damu, amejifunga khanga ya rangi ya maji ya mchele.

"Kumbe," Nakijwa alisema, akimwonyesha mama yake, "rangi husifiwa kivulini."

"Hujulikana juani," mama akamalizia, akaendelea kuchambua mchicha.

Alikwenda Arusha akainunua ile mashine ndogo, nzito, kwa akiba aliyobaki nayo. Alianza kwa shida. Waliotaka picha kubwa za ukutani aliwaambia wazi kwamba hana uwezo nazo, wakaenda kwa kaka yake. Waliobaki kwake walikuwa wachache: wenye picha za ubatizo, wenye picha za wazee, na wale waliokuwa na muda wa kusikiliza.

Mwaka ukapita. Shule moja ilikuwa imetundika picha za wahitimu wake barazani, zote zilizochapwa na Kajiru, mia na zaidi. Siku moja mwalimu mkuu, Bi Elinaike, aliingia dukani kwa Kajiru akiwa na kumi kati ya hizo mkononi. Nyuso zilikuwa nyeupe. Wanafunzi, alisema, walikuwa wameupa ukuta ule jina la ukuta wa mizimu, na mzazi mmoja aliyekuja kumwona mwanawe pale ukutani alikuwa ameondoka akilia.

Kajiru hakubisha. Picha zote alikuwa bado amezihifadhi kwenye kompyuta. Alivuka stendi, akasimama mlangoni kwa dada yake, ambako hakuwa amekanyaga tangu duka lifunguliwe.

"Nimekuja na watu mia na kumi na mbili," alisema. "Hawana nyuso."

Nakijwa alimtazama. Alikuwa na maneno mengi aliyoyaweka mwaka mzima, na kila moja lilikuwa na haki ya kusemwa. Akasogea kwenye benchi.

"Kaa, kaka. Mashine hii haina haraka, itatuchukua siku nne."

Walikaa siku nne wakiitazama karatasi ikiingia na kutoka, mara nne kila uso. Siku ya tano walizipeleka shuleni pamoja. Bi Elinaike alizipokea, akazigeuza kwenye mwanga.

"Hizi haziwaki kama zile za kwanza," alisema. "Nitajuaje kwamba hizi ndizo zitakazodumu?"

Nakijwa alifungua mdomo kujibu, lakini Kajiru alimtangulia.

"Usinisadiki mimi, mwalimu," alisema mbele ya walimu wote. "Mwaka jana nilizisifu zile kwa kinywa hikihiki, na nilikuwa nasema kweli ya siku ile. Zitundike, kisha usubiri. Mimi mwenyewe nimejifunza nikiwa nimechelewa: rangi husifiwa kivulini, hujulikana juani."