Motokaa ya Sultani Isiyo na Keria

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali sana, watu wa mji wa Vumbini walikuwa wamekwisha iona motokaa, ila bado ikitajwa tu walijitupa mtaroni kuipisha. Wakati huo alikuwapo fundi baiskeli mmoja aitwaye Ngwali, fukara wa kupindukia. Nyumbani kwake hata panya wakiingia, basi ujue wamepotea njia. Mbele ya lango la soko alitandika gunia, na juu ya gunia akapanga pampu inayokohoa, karai la maji la kutafutia pancha, spana mbili na kopo la solusheni ya kubandikia viraka. Hiyo ndiyo karakana nzima.

Kitu cha maana alichokuwa nacho ni baiskeli yake, aliyoiita Kikongwe. Rangi yake hakuna aliyeikumbuka, na kengele yake ililia yenyewe bila kuguswa. Lakini nyuma ya kiti ilikuwa na keria ya chuma ya kubebea mizigo, pana kama kitanda cha mtoto. Alfajiri Ngwali alibebea mitungi ya maziwa ya watu, na mchana akawafuata mashambani waliopata pancha huko. Kikongwe isipozunguka, Ngwali hali.

Na mji ule ulikuwa wa Sultani Fakihi, mtu wa kilemba kikubwa na subira ndogo. Marehemu baba yake ndiye aliyemiliki motokaa ya kwanza na ya mwisho Vumbini. Motokaa ile ilizimika kila ilipoona kilima, na watu wakaacha kazi zao kuisukuma bure, hata siku moja wakachoka, wakakaa chini. Basi ikambidi mzee atoe sheria, ikachongwa juu ya jiwe la lango la soko: motokaa ikizimika njiani, asiiguse mtu mpaka mwenyewe afike, na mikono ya kwanza kuisukuma iwe yake. Mzee akafariki, motokaa ikawa banda la kuku, lakini jiwe likabaki palepale, na Ngwali aliegemeza mgongo wake hapo kila siku.

Basi siku moja akaingia mjini mfanyabiashara wa ng'ambo, ameleta baiskeli iliyofunikwa hariri kama mwali wa kutolewa ndani. Alipoifunua, watu wakaona mbele yake nembo ya tai wa dhahabu, alama ya watengenezaji wakubwa wa motokaa huko kwao.

"Seyyid," akasema, "hii haikutoka kwa waunda baiskeli. Imetoka katika mikono ileile inayounda motokaa za wafalme."

"Na bei?"

"Kwa mwingine, mbuzi mia nne. Kwako wewe, mia tatu."

Siku zile baiskeli nzima, na pampu yake, ilikuwa mbuzi wanne. Na ukimkuta mwuzaji ana njaa, watatu. Lakini Sultani alikuwa amekwisha mwona yule tai, na hesabu yote ikamtoka kichwani. Mbuzi mia tatu wakaswagwa wakilia, na mfanyabiashara akaondoka mbio kuliko mbuzi.

Ikawa Sultani akataka kusifiwa. Akamwita Waziri Mjaka, naye akasifu mpaka mate yakamkauka. Ndipo Sultani akasema, "Sifa za waziri nazijua, nazilipia mshahara. Niitieni fundi."

Ngwali akaletwa, mikono yake myeusi kwa grisi. Akaizunguka mara moja, akabonyeza tairi, akavuta mnyororo, akainua kwa kidole kimoja.

"Unaona ilivyo nyepesi?" akasema Sultani, kifua mbele.

"Naona, Maulana. Kuinuka inainuka. Ila mimi nimezoea mtu aipande, si aibebe. Keria iko wapi?"

"Haina."

"Kengele?"

"Haina."

"Madigadi? Kikinga mnyororo? Stendi ya kuisimamishia?"

"Motokaa haina stendi, ewe mshenzi!" akafoka Waziri Mjaka.

"Kweli," akasema Ngwali. "Lakini Maulana, mnyororo huu ni ndugu wa ule ninaouza pale guniani kwa kuku wawili. Baba mmoja, mama mmoja. Hii ni baiskeli nzuri. Ukitaka tai, ningekuchorea kwa kopo moja la rangi."

Masikio ya Sultani yakawa mekundu, kwani hakuna kinachouma kama kuambiwa ukweli na mtu asiye na viatu. Waziri Mjaka akamwinamia. "Amesema baiskeli, Maulana. Kitu cha mbuzi mia tatu, amekiita baiskeli!"

"Hii ni motokaa!" akanguruma Sultani. "Pigeni mbiu. Tangu leo, atakayeiita baiskeli, yeyote awaye, baiskeli yake itachukuliwa papo hapo na kupewa aliyemshitaki."

"Maulana," akasema Ngwali, "mimi nimekosa kabla sheria haijazaliwa."

"Basi imezaliwa na meno!"

Hivyo Kikongwe akachukuliwa, akapewa Waziri Mjaka. Na waziri, ambaye alikuwa amemcheka Kikongwe miaka sita, jioni ileile akaonekana akipita mitaani, gunia la mchele na papa mkavu juu ya keria, kengele inalia, uso umemng'aa.

Siku tatu Ngwali akashindia maji ya karai. Siku ya nne akaenda kwa Sultani kuomba Kikongwe wake. Akamkuta Sultani naye ana lake la kumsumbua. Mwana wa Sultani alikuwa akimwoa Mwanaidi, mjukuu wa Bi Mize wa mtaa wa juu. Na desturi ya Vumbini ni kwamba bibi harusi, akishavuka kizingiti cha kwao, mguu wake haugusi ardhi mpaka kizingiti cha mume. Upande wa mume ndio hutafuta cha kumbebea. Wengine huleta machela, wengine punda. Sultani, kwa homa yake ya yule tai, alikuwa amekwisha mwahidi Bi Mize motokaa.

"Umekuja wakati mwema," akasema Sultani, akatabasamu vibaya. "Wewe uliyeitukana, wewe utakuwa dereva wake. Ijumaa asubuhi utamleta bibi harusi, na bibi yake, na sanduku la nguo, safari moja. Ukiweza, utarudishiwa chakavu chako. Ukishindwa, utahama Vumbini, na utahama kwa miguu."

Ngwali akajikuna kichwa. "Nisikie vizuri, Maulana. Niifanyie kila jambo kama motokaa?"

"Kila jambo!"

"Na nikiikanyaga pedeli, kama..."

"Motokaa ina pedeli? Usiziguse!"

"Na sheria zote za motokaa nizishike?"

"Zote, usipunguze hata moja!"

"Basi iandikwe."

Waziri Mjaka akaiandika kwa furaha, akijua hapa mtu kapatikana.

Ijumaa ikafika. Ngwali akaenda mtaa wa juu, kavaa kofia ya kuazima, kachukua debe la maji la kupozea na kipande cha gogo cha kuzuilia gurudumu. Akasimama uani, akainama.

"Hodi, Bi Mize. Motokaa imefika."

Bi Mize alikuwa kikongwe wa kweli, mwenye bakora na sauti ya kuvunja vigae. Akatazama nyuma ya Ngwali, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Iko wapi?"

"Nimeishika, bibi."

"Hiyo? Wee, Ngwali! Mimi nimeambiwa motokaa, nimewaita mashangazi kutoka vijiji viwili waje waone!"

"Mbiu inasema ni motokaa, bibi. Ukiiita vingine, hata hiyo baiskeli ya marehemu babu iliyo ghalani itachukuliwa."

Bi Mize akaumeza ulimi wake, jambo ambalo hakulifanya tangu aolewe. Basi Mwanaidi akakalishwa juu ya kiti cha motokaa hiyo, kafunikwa gubigubi, mashangazi wawili wanamshika huku na huku asidondoke. Bi Mize akawekewa mto juu ya bomba, lile la kati ya kiti na usukani, akapanda huku akiwataja wazee wake waliokufa. Sanduku likapanda kichwani kwa Ngwali. Naye akashika usukani, akapiga honi kwa mdomo, "Piiip!"

Kutoka mtaa wa juu hadi sokoni ni mteremko mtupu. Motokaa ikaenda yenyewe, pedeli zikijizungusha bila kuguswa, mashangazi wakikimbia ubavuni, vigelegele kwa hofu na hofu kwa vigelegele. Lakini sokoni ndipo kilima cha kwenda kwa Sultani kinapoanza. Pale mbele ya lango, gurudumu likazunguka polepole, likazunguka nusu, likasimama. Ngwali akaweka gogo, akalitua sanduku, akaketi juu yake.

"Nini tena?" akauliza Bi Mize.

"Imezimika."

"Zungusha hivyo vyuma vya chini, mwana laana!"

"Nimekatazwa kuvigusa, bibi. Imeandikwa."

"Basi tuteremke, tuisukume!"

"Bibi harusi akanyage chini? Na sheria ya motokaa ikizimika iko hapo nyuma yako, katika jiwe. Asiiguse mtu mpaka mwenyewe afike."

Watu wa soko wakakusanyika. Wauza mihogo, wauza kanga, wote. Hakuna aliyenyoosha mkono kusaidia. Tangu wapate sheria ile walikuwa hawajapata nafasi ya kuitumia vizuri. Mtu akatumwa kwa Sultani, akamkuta kavaa joho jeusi la nakshi, anangoja wageni.

"Maulana, motokaa yako imezimika sokoni. Unaitwa kwa sheria ya marehemu baba yako."

Asingeweza kukataa, kaburi la baba yake liko mbele ya dirisha. Akashuka kilima, Waziri Mjaka nyuma yake akimsindikiza juu ya Kikongwe. Wakafika, wakaona: bibi harusi juu ya kiti anayumba, mashangazi jasho linawatiririka, Bi Mize juu ya bomba kama kuku aliyekasirika.

"Umekuja, mkwe?" akasema Bi Mize. "Sukuma. Nyonga yangu imekwisha."

"Ngwali!" akafoka Sultani. "Umenifanyia nini?"

"Kila jambo kama motokaa, Maulana. Maji ya kupozea haya hapa, kama yanafaa."

Watu wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha kuficha kicheko. Basi Sultani akapandisha mikono ya joho, akaegemeza viganja nyuma ya kiti, akasukuma. Ikasogea hatua moja. Akasukuma tena. Ikasogea ya pili. Na ya tatu, pindo la joho, hariri ya ng'ambo na nyuzi za dhahabu, likaingia katika mnyororo usio na kikinga. Likavutwa, likasagwa, likapakwa grisi, na Sultani akavutwa pamoja nalo mpaka kilemba kikakutana na tairi.

"Laana juu ya baiskeli hii!" akapiga kelele. "Baiskeli gani hii isiyo na hata..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Lakini neno lilikuwa limekwisha toka, na soko zima lilikuwa limelipokea.

Ngwali akasimama taratibu juu ya sanduku. "Maulana, niwie radhi, masikio yangu yana grisi. Umeiitaje?"

"Kaiita baiskeli," akasema Bi Mize kutoka kwenye bomba. "Mimi nimesikia, na masikio yangu hayana miaka yangu."

"Basi mimi, Ngwali, namshitaki mtu huyu aliyeiita motokaa ya Sultani baiskeli. Mbiu ilisema yeyote awaye. Baiskeli yake ni yangu."

Sultani akakaa chini vumbini, pindo lake bado limenaswa, akimtazama tai wa dhahabu, naye tai akimtazama yeye.

"Ichukue," akasema mwisho. "Sheria ni yangu, siwezi kuitema kisha nikailamba. Umepata kitu cha mbuzi mia tatu."

"Ahsante, Maulana. Ila siitaki. Naomba nibadilishane na waziri, anipe Kikongwe wangu."

Sultani akageuka. "Mjaka, furaha iliyoje! Wewe uliyeisifu mpaka mate yakakukauka, leo ni yako. Mpe huyu chakavu chake."

Lakini Waziri Mjaka hakushuka. Alikuwa ameikumbatia mikono ya Kikongwe kama mtu aliyeshikwa na homa, na nyuma yake, juu ya keria, palikuwa na kapu la nazi.

"Mjaka?"

"Maulana... hii... wake zangu wameizoea."

"Nimekwambia ubadilishane. Mbuzi mia tatu kwa wanne!"

"Nimesikia, Maulana." Sauti ikamnywea. "Ila hii ina keria."

Sultani akamtazama waziri, akamtazama tai, akatazama pindo la joho lake. Tumbo likaanza kutikisika, kisha mabega, kisha akacheka kicheko ambacho Vumbini hawakukisikia tangu motokaa ya baba yake ilipotagiwa yai la kwanza. Soko nalo likapasuka, na kikohozi chote kile kikatoka kikiwa kicheko.

"Mshusheni!" akasema akifuta machozi. "Kikongwe arudi kwa mwenyewe. Na ile ya tai, Ngwali, pia ni yako, umeishinda kwa haki. Lakini nifikishie wageni wangu, nimekoma!"

Basi Mwanaidi akahamishwa kutoka juu ya kiti hadi juu ya keria, mguu wake haukugusa kitu. Ngwali akakanyaga pedeli, akapanda kilima kengele ikijililia, akamtua mlangoni kwa mumewe. Akarudi kumchukua Bi Mize, ambaye njia nzima alimpiga bakora ya mgongoni ili apunguze mwendo. Sanduku likawa la mwisho.

Jioni ya karamu, Ngwali akaingia barazani, akainama mbele ya Sultani, akampa kitu kidogo kilichofungwa katika jani la mgomba. Sultani akafungua, akakuta nembo ya tai wa dhahabu imefunguliwa kwa spana.

"Hiki ni nini tena?"

"Mali yako, Maulana. Baiskeli nimeichukua mimi, nimeitia keria na kengele, nimeiuza leo kwa mbuzi wanne. Hao wengine mia mbili tisini na sita uliwanunulia huyu ndege."

Wasemao husema Sultani alimshona tai yule mbele ya kilemba chake, na kila mfanyabiashara wa ng'ambo alipomletea kitu chenye nembo, Sultani alimgusa kwanza tai huyo kichwani pake, kisha akauliza, "Keria iko wapi?" Na hekaya yangu imepata pancha hapa, mwenye pampu aijaze, mimi nimefika kwangu.