Boti ya Bwana Masalu

Mjini Nyamasale, kando ya ziwa, wezi waliiba injini za mitumbwi watakavyo, na polisi, kwa kukosa boti, walibaki ufukweni wakipuliza filimbi. Ikaitishwa harambee ya kuwanunulia boti. Mgeni rasmi alikuwa Bwana Masalu, tajiri aliyekwisha kuahidi kisima na paa la shule, akapigiwa makofi, kisha akatokomea.

Kabula, mshereheshaji, aliipeleka harambee kisiwani. "Kule kuna upepo mzuri, Mheshimiwa," alimwambia.

Masalu alivushwa kwa mtumbwi wa kukodi. Alikula sato mzima, akashika kipaza sauti: "Boti naitoa mimi, peke yangu!" Vigelegele vikalia. Akapigwa picha, akatazama saa. "Haya, nina kikao. Mtumbwi uko wapi?"

"Umesharudi," alijibu Kabula. "Mwenyewe anaogopa wezi jua likianza kushuka."

"Ita mwingine!"

"Wote wanaogopa, baba. Bila doria ya polisi hathubutu mtu."

Masalu aligeuka, akaona wageni wote wakitandika mikeka na kufungua mablanketi waliyokuja nayo. Jirani kabisa, kiboko akakoroma.

"Sasa mimi narudije?"

"Kwa boti yako uliyoahidi," alisema Kabula, akimpa simu. "Muuzaji yuko hewani, anakusubiri."

Boti ilifika kabla ya giza, polisi wawili ndani.

Mwezi uliofuata Kabula alimwalika kwenye harambee ya gari la zimamoto.

"Hiyo inafanyikia wapi?" Masalu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nyumbani kwako, Mheshimiwa."